Ukuta Ulionyimwa Mwanga

Kwa jina lake Yeye aliyeiumba nuru kwanza, kisha akaliumba jicho la kuipokea, na akaweka baina yao pazia analolifunga na kulifungua apendavyo, habari hii inaanza. Na aombwe msomaji awe na kifua cha kumvumilia mzee mmoja mwenye kiburi, kwa maana kiburi cha mzee ni kama koti lake la zamani: limechakaa viwiko, lakini akilivua hana jingine.

Watu wa habari hii ni wachache, na kuwapanga hakuchukui muda. Wa kwanza ni mwenye nyumba, fundi rangi aliyestaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Brashi, hata wale waliozaliwa baada ya yeye kuiweka brashi chini. Wa pili ni binti yake wa pekee, muuguzi wa hospitali iliyo mwendo wa saa mbili kwa basi, mwanamke wa hatua za haraka na subira fupi. Wa tatu ni mume wa binti huyo, dereva wa lori, mtu mwema mpenda kusifu. Wa nne ni mjane mwenye duka la pembeni, ambaye kwa kuwa hakuamini jicho la mtu yeyote bali mizani yake, aliitwa Mama Mizani. Wa tano angekuwa mke wa Mzee Brashi. Lakini huyo alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka miwili iliyopita, na nafasi yake katika nyumba ile haikuwa imejazwa na kitu chochote ila ukimya.

Jambo lenyewe lilianzia bafuni. Binti alikuja Jumapili asubuhi kama ilivyokuwa desturi yake, akaweka kapu mezani, akaingia kunawa mikono, akakawia. Mzee Brashi, aliyekuwa jikoni akichemsha maji ya chai, alisikia bomba likifungwa, kisha hakusikia kitu. Binti alipotoka, alikuwa akijifuta mikono kwa upindo wa gauni lake, si kwa taulo lililotundikwa mlangoni. Mzee aliliona hilo, akalimeza.

"Baba, hili bafu linasafishwa lini?"

"Kila siku. Kwani mimi naogea wapi?"

"Nauliza ukuta."

"Ukuta una nini?"

"Umekuwa wa manjano. Wote, kuanzia sakafuni mpaka darini."

Mzee akacheka. "Ukuta ule nimeupaka kwa mkono wangu huu, mweupe wa maziwa, nikarudia mara tatu. Labda unaumwa wewe. Nyinyi wauguzi mkishinda na wagonjwa wa ini, mnaona manjano mpaka kwenye wali."

Binti hakucheka. Alimshika baba yake kiwiko, akamwongoza hadi kizingiti cha bafu kama anavyoongozwa mgonjwa, na hilo nalo mzee aliliona. "Tazama," akasema.

Mzee akatazama. Aliona kile kile alichokiona kila alfajiri anapotia udhu: ukuta mtulivu, mweupe wa maziwa yaliyokaa kidogo. Hakuona manjano. Wala hakuwa akisema uongo. Jicho lake lenyewe lilikuwa limeingia manjano, taratibu, mwaka baada ya mwaka, na anayetazama dunia kupitia kioo cha rangi hawezi kuitambua rangi ya kioo.

"Naona ukuta," akasema.

"Mweupe?"

Hapo mlango wa ukweli ulikuwa wazi kwa mara ya kwanza. Mzee aliusukuma kwa kidole, ukajifunga. "Umefifia kidogo. Mvuke huo."

"Umefifia? Baba, unaonekana kama watu wamekuwa wakiukojolea!"

Neno hilo lilitoka, na binti mwenyewe akashtuka kulisikia. Lakini neno si jiwe, ukishalitupa huwezi kwenda kuliokota. Mzee alirudi jikoni, akazima jiko, akamimina chai katika vikombe viwili bila kumwaga hata tone.

"Sikusema kwa ubaya," binti alisema alipoketi.

"Kunywa chai."

"Nisikilize basi. Una miaka sabini na mitatu, uko peke yako, na bafu liko vile. Mimi nikiingia nyumba ya mgonjwa nikakuta bafu lile, nafungua faili naandika: huyu hawezi tena kujihudumia."

"Basi andika."

"Siandiki, Baba. Nakwambia. Jumapili ijayo nakuja na mwenzangu, tuna gari la kuazima. Nikikuta bafu safi, unabaki hapa na sitafungua mdomo tena. Nikilikuta hivi, unafungasha tunaondoka wote. Kitanda chako kipo sebuleni, nimekiwekea pazia."

"Pazia," mzee akarudia, kama mtu anayeonja kitu.

Kuhamia kwa mtoto si aibu, na mtoto anayemwita mzazi wake amefanya la kushukuriwa. Mzee Brashi alilijua hilo, na hata mimbarini alikuwa amelisikia si mara moja. Lakini ndani ya kuta zile alikuwa ameishi na mkewe miaka thelathini na mmoja. Alijua ubao upi wa kitanda hulia upande wa mama yule, na kila alfajiri aliusalimu upande huo kabla ya kushusha miguu. Katika nyumba ile mzee alikuwa bado anaishi na mtu. Kwa binti yake angeishi na watu.

Jumatatu, duka halijafunguliwa sawasawa, mzee alikuwa dirishani.

"Sabuni ya unga pakiti mbili. Magadi. Siki. Dawa ya madoa. Na ule waya wa kusugulia masufuria."

Mama Mizani alimtazama juu ya miwani yake. "Mzee Brashi, kuna habari gani? Mwanamume wa peke yake akinunua sabuni namna hii, ama anaoa ama ameua."

"Nasafisha ukuta wa bafu."

"Lo! Mganga hajigangi, kumbe ni kweli. Fundi aliyepaka nusu ya mtaa huu, bafu lake ndilo lenye madoa!" Akapanga vitu kaunta. "Haya, nisikilize. Hiyo dawa ya madoa usije ukaichanganya na siki. Itakutoa roho kabla haijatoa doa."

"Mama, mimi nimeshika tapentaini wewe hujaota meno."

"Ndiyo maana unakohoa."

Mzee alicheka njia nzima hadi nyumbani, kisha akaona kwamba amecheka, akanyamaza.

Akaanza kazi kwa utaratibu wa kazi. Ukuta huoshwa kutoka chini kwenda juu. Anayeanzia juu huacha michirizi ya uchafu kwenye sehemu kavu, nayo hukataa kutoka. Siku ya kwanza ilikuwa ya sabuni ya unga na maji ya moto, ya pili ya magadi yaliyokorogwa mazito kama uji, na ya tatu ya dawa ya madoa, mlango wazi, kitambaa puani. Alipanda ngazi, akashuka, akamwaga maji, akajaza mengine. Vidole vilichubuka, kucha zikalainika, goti la kushoto likavimba. Alijikaza kisabuni, kama wasemavyo watu, na safari hii sabuni yenyewe ilikuwepo.

Lakini kulikuwa na tatizo ambalo hakuna sabuni ingeweza kuliondoa. Mzee hakujua amefika wapi. Kila alipoacha kusugua na kurudi nyuma hatua mbili, ukuta ulikuwa mweupe, na ulikuwa mweupe hivyo hivyo kabla ya kusuguliwa. Alikuwa akiondoa kitu asichokiona, mahali ambapo kwa macho yake hakipo. Akajaribu kwa kidole: kidole kikalia kama kinavyolia kwenye sahani iliyosuuzwa vizuri. Akanusa: hakuna. Akatazama maji ya ndoo: yalikuwa na povu la kijivu siku ya kwanza, na tangu hapo yalikuwa maji tu.

Kumwita jirani aingie amsomee rangi lilikuwa jambo la sekunde tano. Ila kwa fundi rangi kumwuliza mtu ukuta una rangi gani ni sawa na imamu kumwuliza mtoto kibla kiko upande upi.

Jioni binti alipiga simu.

"Limefikia wapi, Baba?"

"Linaendelea."

"Linatoka?"

"Kazi haiulizwi ikiwa jikoni."

"Umekula?"

"Nimekula."

Akapiga Jumatatu, akapiga Jumanne, akapiga Jumatano, saa ile ile, kabla tu ya jua kuzama. Katika miaka miwili hakuwa amewahi kupiga siku tatu mfululizo. Siku ya tatu mzee alijikuta ameketi karibu na simu mapema, mikono imechubuka, akiwa amejiandaa kulalamika kwamba anasumbuliwa.

Alhamisi asubuhi alichukua kisu kidogo, akaingia nyuma ya mlango wa bafu, mahali pasipoonekana, akabandua kipande cha rangi kikubwa kama ukucha wa gumba. Akakitia katika kisanduku cha kiberiti. Alisubiri hadi aone dirisha la duka halina mtu, ndipo akavuka.

Mama Mizani alikuwa akipima chumvi, akiimwaga kwa kopo kwenye sahani ya mizani.

"Mama, nina swali la kikazi." Akafungua kiberiti, akaweka kile kipande kaunta. "Hii wewe ungeiita rangi gani?"

"Wewe ndiye fundi."

"Nataka jicho la mteja. Fundi huzoea."

"Jicho la mteja linasema manjano."

"Manjano ya namna gani?"

"Ya meno ya mvuta tumbaku."

Nyuma yake pakasikika kicheko. Mwashi mmoja, aliyewahi kufanya kazi naye kwenye majengo, alikuwa amefika kununua misumari bila mzee kumsikia. "Hee! Mzee Brashi siku hizi anaulizia rangi dukani? Basi na mimi kesho nakuja, Mama, unionyeshe tofali ni lipi!"

Mama Mizani akacheka, na mzee akacheka pia, kwa sababu anayechekwa ana njia mbili tu, kucheka au kuondoka, naye alikuwa hajapata alichokifuata. Akakichukua kile kipande. Ili kumaliza ubishi, au labda ili kuuanza, akakiweka juu ya chumvi kwenye sahani ya mizani na kuinama.

Hakukiona. Chumvi ilikuwa nyeupe, nyeupe yake ile ya siku zote, na kipande kilikuwa kimeingia ndani ya weupe huo kama tone linavyoingia mtungini. Akasogeza uso. Akapapasa kwa kidole kulia, akapapasa kushoto, akitafuta kwa ngozi kitu ambacho kila mtu mwingine pale alikuwa akikiona waziwazi, kimekaa katikati ya chumvi kama kiini cha yai.

Kicheko cha Mama Mizani kikakatika. Akatazama kile kidole kikitangatanga, akatazama uso wa mwenye kidole.

"Mwashi," akasema, "misumari yako hiyo. Nenda."

"Mbona hujapima?"

"Nimekuzidishia. Nenda!"

Walipobaki wawili, alikitoa kipande mwenyewe, akakiweka katika kiganja cha mzee na kukifunga vidole. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Mzee."

Mzee Brashi alikuwa akilitazama moyoni tukio la miaka sita nyuma, siku aliyogombana na mwenye nyumba mmoja aliyedai kwamba kiraka alichopakiwa ukutani hakilingani na rangi ya ukuta. Mzee alimwambia mtu yule ana macho mabovu. Alikusanya ngazi zake kwa hasira, na hiyo ikawa kazi yake ya mwisho. Watu walidhani amestaafu. Wahenga walisema macho hayana pazia; hawakumwona huyu.

"Ni ugonjwa wa mtoto wa jicho huo," Mama Mizani akasema kwa sauti ya chini. "Mama yangu alikuwa nao. Asubuhi wanautoa, jioni uko nyumbani na kitambaa usoni. Binti yako yupo hospitali, mwambie."

"Nikimwambia sikai hapa hata siku moja. Bafu tu limemfanya aniwekee kitanda. Akisikia macho?"

"Na usipomwambia?"

"Nitakaa nyumbani kwangu."

"Utakaa na nani?"

Mzee alikitazama kiganja chake kilichofungwa. "Usimwambie, Mama. Nakuomba."

Mama Mizani alipumua kwa nguvu kama mtu anayetwishwa mzigo wa mtu mwingine. "Mimi nauza chumvi, siri siuzi. Lakini hiyo uliyoichovya kidole utaichukua wewe."

Mzee alirudi nyumbani na pakiti ya chumvi asiyoihitaji, akaketi kwenye ukingo wa beseni. Chini ya aibu fundi alikuwa ameanza kufikiri. Kama manjano ipo, na sabuni haikuitoa, na magadi hayakuitoa, basi si uchafu. Kilichooshwa siku tatu kikabaki, kimo ndani ya rangi yenyewe. Akayakumbuka maneno ya mwalimu wake wa kazi, mtu mkali aliyekuwa akiwapiga wanafunzi kwa mpini wa brashi: rangi ya mafuta usiifungie gizani, ikikosa mwanga hugeuka manjano, hata kama hakuna aliyeigusa.

Akainua uso kutazama dirisha.

Dirisha la bafu lilikuwa limezibwa kwa ubao. Aliliziba mwenyewe, mwaka ule mkewe alipoacha kutembea. Kila asubuhi alimbeba, akamketisha kwenye kiti cha plastiki, akamwogesha kwa mikono yake, wala hakukubali binti wala mtu mwingine aifanye kazi hiyo. Upepo wa dirishani ulimtetemesha mama yule, naye hakuwa mtu wa kulalamika, alitetemeka tu. Ndipo mzee akaleta ubao na misumari minne. Alipofariki, ubao ulibaki. Hakuna siku mzee aliamua uendelee kubaki. Hakuna tu siku aliyouondoa, na kwa miaka miwili akawa anatia udhu kwa mwanga wa taa ya umeme.

Alileta koleo. Msumari wa kwanza ulitoka kwa kilio, wa pili ukakatika kichwa. Ubao uliposhuka, mwanga uliingia bafuni kwa pupa, ukaangukia ukuta, ukaangukia miguu yake, ukaangukia mahali kilipokuwa kiti cha plastiki. Mzee aliushika ubao kifuani kwa muda, kisha akautoa nje.

Mwanga peke yake ungeurudishia ukuta weupe wake, au nusu yake, lakini kwa majuma. Jumapili ilikuwa imebakiza siku tatu tu. Akavuka tena barabara.

"Kopo la rangi nyeupe. Ya maji, ya kung'aa, isiyogeuka. Na msasa."

Mama Mizani alilishusha kopo rafuni, akalizungusha. "Nyeupe. Nimesoma mara mbili, na nimefungua kifuniko nimeangalia."

"Sikukwambia uangalie."

"Sikukwambia uniambie."

Jioni ile na kutwa ya Ijumaa hadi wakati wa sala, alipiga msasa. Mng'ao wa rangi ya zamani lazima uvunjwe, la sivyo mpya haishiki. Naye aliufuata kwa vidokezo vya vidole, shubiri kwa shubiri, mpaka ukuta wote ukawa na mkwaruzo mmoja laini kama shavu la mtu aliyenyoa jana. Aliporudi kutoka msikitini alianza kupaka. Weupe wa rangi mbichi juu ya manjano ya zamani hakuuona, kwa hiyo alifanya kile ambacho hufanywa na wanafunzi wa mwezi wa kwanza: alifunga uzi kwenye misumari miwili, akagawa ukuta vipande vya upana wa brashi tatu, akapaka kipande kimoja, akauhamisha uzi. Brashi iliyoshiba huwa nzito upande wa gumba. Ikianza kukauka hulia kama panzi. Aliisikiliza. Pale aliposhuku aligusa kwa mgongo wa kidole, na ubaridi ukamwambia amepita au hajapita. Jumamosi akarudia mara ya pili, na baada ya adhuhuri mara ya tatu. Kazi ya siku moja ilimchukua mbili. Hakuna tone lililoanguka sakafuni.

Binti alipopiga, mzee alisema, "Njoo uone," na akaikata simu mwenyewe, jambo ambalo lilimfurahisha kama kijana.

Jumapili walikuja wakiwa na gari, na nyuma ya gari kulikuwa na kamba za kufungia mizigo. Mzee aliziona kamba. Alimpokea mkwewe kwa mikono miwili, akamwonyesha kiti, akaenda jikoni, na kutoka jikoni akazisikiliza hatua za binti yake zikielekea bafuni. Mlango ukafunguliwa.

Binti akakawia humo mpaka dereva akaita, "Mama, umezama?"

"Njoo uone," binti akajibu, na sauti yake ilikuwa na machozi.

Dereva akaingia, akapiga mluzi. "Mashallah! Baba, hii ni hospitali au bafu? Tazama kona hii! Tazama hii! Hakuna alama ya brashi! Mimi nikitia gari langu rangi, namleta mzee huyu. Fundi ni fundi!"

Mzee alisimama nyuma yao, mikono mgongoni. Binti aliligusa dirisha, akauacha mkono wake hapo, akijua bila kuambiwa ubao ule ulikuwa wa nini. Kisha akageuka, na katika uso wake muuguzi alikuwa ameamka.

"Baba. Wiki iliyopita nilikusimamisha hapa hapa ukasema umefifia kidogo. Uliuona kweli?"

"Fundi haoni doa lake."

"Sizungumzii ufundi. Macho yako yako sawa?"

Ulikuwa mlango wa pili, na ulikuwa wazi zaidi ya ule wa kwanza, kwani safari hii mzee mwenyewe aliujua ufunguo. Neno lilipanda hadi nyuma ya meno. Aliwaza kitanda cha sebuleni. Aliwaza ubao wa kitanda chake unaolia, usiokuwa na wa kuusalimu.

"Na ukuta huu kaupaka nani?" akasema. "Kipofu?"

Dereva akaangua kicheko. "Amekumaliza! Mwache mzee, mke wangu. Mtu mwenye macho mabovu anaweza kufanya hivi?"

Binti alimtazama baba yake kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili, kisha akashusha mabega. "Basi nimekosa. Na lile neno nililosema, Baba, la ukuta. Nisamehe."

"Lipi? Mimi nilishalisahau."

Walikunywa chai. Chumba kilikuwa na sauti za watu watatu, na vijiko vikigonga vikombe. Binti alikuwa amechangamka kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

"Unajua, wiki nzima sikuwa na usingizi," akasema. "Kila jioni napiga simu roho iko juu. Sasa nimetulia. Kuna zamu za Jumapili wananing'ang'aniza nichukue, nilikuwa nazikataa kwa ajili yako. Nitazichukua. Nitakuwa nakuja mwisho wa mwezi, Mungu akipenda."

"Mwisho wa mwezi," mzee akasema.

"Si uko sawa?"

"Niko sawa. Kazi ni kazi, mwanangu."

"Na kile kitanda," dereva akadakia, "tutampa dada yangu, alikuwa anakililia."

Aliwasindikiza hadi kwenye gari. Kamba zilikuwa nyuma vilevile, hazijafunguliwa. Binti alipoketi na kushusha kioo, mzee aliinama, akafungua mdomo, na injini ikawaka.

"Umesema, Baba?"

"Nimesema mwende salama."

Gari likakata kona. Mama Mizani, aliyekuwa dirishani mwa duka lake, alimwona akiwa bado amesimama barabarani na mkono umeinuliwa. Akataka kumwita, kisha akakumbuka ahadi aliyoitoa, akageukia mizani.

Saa ile ya kabla ya jua kuzama, mzee aliketi karibu na simu. Ilipopita, alinyanyuka kwenda kutia udhu. Bafu lilinuka upya, na kupitia dirishani uliingia mwanga wa mwisho wa siku. Alirudi nyuma hatua mbili, kama alivyofanya maisha yake yote baada ya kumaliza kazi, akaitazama kazi iliyosifiwa kuliko zote alizowahi kufanya.

Ulikuwa ukuta ule ule. Mweupe wa maziwa yaliyokaa kidogo, kama wa Jumapili iliyopita, kama wa mwaka jana. Siku tatu za sabuni, siku mbili za msasa na brashi, na kwa macho yake hapakuwa pamefanyika kitu. Akaweka kiganja ukutani. Kiganja kilimwambia ni laini. Mengine yote angehitaji mtu wa kumwambia.

"Umekuwaje?" akauliza kwa sauti, kwa namna aliyokuwa akimuuliza mkewe kila alipomaliza chumba.

Akasubiri kwa adabu muda ambao mtu huhitaji kujibu. Kisha akafungua bomba.

Ewe Mola, mrehemu aliyetangulia, aliyeogeshwa katika chumba kile kwa mikono ya mapenzi. Na waliobaki, wabariki: mzee katika nyumba aliyoipigania, umfungulie kinywa kabla hujamfunga macho, binti katika zamu zake, umtie shaka njema itakayomrudisha kabla ya mwisho wa mwezi, mkwe mwema umzidishie wema na umpunguzie haraka ya kusifu, na mjane aliyetwishwa siri isiyo yake, mhesabie uzito wake katika mizani isiyokosea. Na kila aliye peke yake jioni hii, akitazama kitu asichoweza kukisoma, mjaalie mtu wa kukaa kando yake amwambie ni cha rangi gani. Amina.